Kwa nini "tunakulaga" inakatwa alama na "tunalishana" haikatwi

Swali limetoka kwa mama mmoja wa Tabata: "Shikamoo mwalimu. Mwanangu yupo darasa la tano, kaandika insha ya sikukuu, humo ndani kaweka 'Idi huwa tunakulaga pilau halafu tunalishana tende'. Mwalimu wake kamzungushia wino mwekundu kwenye 'tunakulaga' na pembeni kaandika: lugha ya mtaani, haina kanuni. 'Tunalishana' kaiacha. Mtoto ananiuliza mbona zote zimetoka kwenye kula na zote zimeongezewa mkia, mimi nimekosa jibu. Kwa nini mkia mmoja halali na mwingine haramu? Na hii ya kugeuza maana kwa kubandika vitu mwishoni mwa neno ni sisi tu au hata lugha zingine?"

Marahaba mama. Mpe hongera huyo mtoto, swali lake wapo wanaomaliza chuo hawajawahi kulifikiria. Jibu fupi ni hili: mwalimu kakata alama kihalali ila sababu aliyoiandika pembeni sio ya kweli. Tunakulaga ina kanuni, tena kanuni kali, tatizo ni kwamba haikuwepo kwenye lahaja ambayo Kiswahili sanifu kilichotwa. Jibu refu ndo linafuata, kaa mkao wa kula.

Tuanze na hiyo kula yenyewe. Mzizi wake ni l, herufi moja tu, ile a ya mwisho ni kifungio ndo maana kwenye "ule" inageuka e. Sasa ona hiyo l inavyofanyishwa kazi: kula, kuliwa, kulika (mihogo hii hailiki, michungu), kulisha, kulishwa, kulishana, kulia. Hiyo ya mwisho watu wengi wanapishana nayo kila siku bila kuiona, mkono wa kulia ni mkono wa kutumia kula, na chumba cha kulia ni hivohivo, machozi hayahusiki kabisa, kulia kwa machozi kuna mzizi wake mwingine. Kwa hiyo sehemu ya mbele ni ileile, mzizi uleule, kinachobadilika ni kinachoingia kati ya l na ile irabu ya mwisho. Ukiweka w unamsogeza mbele aliyetendwa, ukiweka ish unaleta mtu wa kusababisha, ukiweka an watu wanatendeana.

Shuleni tunayakariri haya kwa majina, kutendwa, kutendesha, kutendana, kutendeka, na tunatoka pale tukidhani kila kiambishi kina maana yake moja kama kitufe cha rimoti. Hapo ndo napenda watu wasimame kidogo. Kiambishi peke yake hakina maana iliyokamilika, kinaipata kikishakaa na mzizi fulani, na mzizi ukibadilika na yenyewe inabadilika.

Mfano wangu wa siku zote ni hii -ia, ambayo baada ya e na o inakuwa -ea (pikia, katia, fungia, lakini somea, letea). Tunafundishwa maana yake ni "kwa ajili ya", andika na andikia, sawa. Haya, ukihama Tabata ukahamia Kigamboni, umeifanyia nini Kigamboni? Hakuna, hapo -ia imegeuza mwelekeo tu, kuhama ni kutoka na kuhamia ni kwenda, ukichanganya hayo mawili kwenye simu dereva wa kirikuu anakupelekea makochi kwenye nyumba uliyotoka. Kisu cha kukatia nyama, hapo ni chombo. Unalilia nini, hapo ni sababu. Amefia Muhimbili, hapo ni mahali. Mume kamfia, hapo hakuna aliyefanyiwa jambo kwa faida yake, ni hasara imemwangukia aliyebaki, na hii ya hasara ukiifuatilia utaikuta kila kona: mvua imetunyeshea, wameniibia, umeniharibia siku, mtoto kanilalia mkono mpaka umekufa ganzi. Kiambishi kilekile kinamletea mtu chakula na kinamletea mtu msiba.

Kwa nini kiko hivo? Kwa sababu kazi yake ya msingi ni moja na ni pana sana, inasema tu kwamba tendo hili lina mhusika mwingine wa kuzingatia zaidi ya wale wa kawaida, basi. Mhusika huyo ni nani, anafaidika au anaumia, ni mtu au kisu au Kigamboni, hayo yanaamuliwa na kitenzi na mazingira. Halafu kuna maneno ambayo kiambishi na mzizi vimekaa pamoja muda mrefu mpaka vikazaa maana ambayo huwezi kuikisia hata ukivijua vyote viwili. Ona na onea. Nani angedhani ukichukua kuona na kuongeza -ea utapata kumdhulumu mtu? Au enda, ukaongeza ukapata endelea, ukaongeza tena ukapata maendeleo, na leo hilo neno lina wizara na halmashauri ziko chini yake wakati mzizi ni ule ule wa mtu anayekwenda zake sokoni.

Na -ia sio mali yetu peke yetu. Kishona kupika ni kubika, kumpikia mtu ni kubikira. Kizulu ni ukupheka na ukuphekela. Unaona hapo kuna r na l ambazo sisi hatuna? Tulikuwa nazo. Kiswahili kimepoteza l nyingi zilizokuwa kati ya irabu, ila hazijafutika moja kwa moja, chukua kitenzi kinachoishia na irabu mbili ukibandike kiambishi utaiona inatoka mafichoni: nunua, nunulia, toa, tolea, oa, olewa. Mtoto akikuuliza hiyo l ya "nunulia" imetoka wapi wakati "nunua" haina, mwambie haijatoka mahali, ilikuwepo, ni "nunua" ndo iliyoipoteza.

(Hiyo oa na olewa nayo ni mjadala, mwanaume anaoa, mwanamke anaolewa, yaani w moja imebeba mila nzima. Wapo wanaolalamika na wana hoja. Lugha ilishawawekea "oana" siku nyingi, ni kuitumia tu.)

Niguse na -ika kwa haraka maana watu wa maofisini wanaijua vizuri kuliko sisi walimu. Jenereta imeharibiwa, jenereta imeharibika. Ukiandika ya kwanza kwenye ripoti lazima bosi aulize na nani, na ukiandika ya pili hakuna wa kuulizwa, kitu kimeharibika chenyewe. Huwezi hata kusema "imeharibika na fundi" ikaeleweka kwamba fundi ndo kaiharibu. Vilevile gari linaibwa ila mwenye gari anaibiwa, watu wengi wanasema hayo vizuri kabisa bila kujua kwamba ya pili ina viambishi viwili, -i- ya hasara niliyoisema juu halafu w juu yake.

Kwenye majina mambo ni mengine tena, huko mikia inatengeneza watu na vitu. Soma inazaa msomaji na inazaa msomi, na hao ni watu wawili tofauti, msomaji ni yeyote hata anayesoma gazeti la udaku kwenye daladala, msomi ni yule anayeitwa kwenye redio kutoa maoni. Funga inazaa ufunguo kupitia fungua, imba inazaa wimbo, tega inazaa mtego, hiyo -o inapenda vitu na matokeo. Tuma inazaa mtume, umba inazaa kiumbe, teua inazaa mteule (umeiona tena l yetu?), hiyo -e ni ya aliyetendwa. Siku hizi -e hiyo imelala, tukitaka aliyetendwa tunatumia -wa: mwajiriwa, mshtakiwa, mtahiniwa. Waingereza nao kwa "employee" walifanya ujanja unaofanana, ile -ee yao waliichukua kwenye Kifaransa ambako -é ni umbo la kilichokwisha tendwa.

Kuna kimoja nataka nikae nacho hapa kwa sababu ni kizuri. Kwa nini anayepika ni mpishi na sio "mpiki"? Na anayelewa ni mlevi, anayeiba ni mwizi, anayefuata ni mfuasi, yaani k imekuwa sh, w imekuwa v, b imekuwa z, t imekuwa s. Utasema ni ile i imezilainisha. Sawa, ila mbona kwenye pikia ipo i na k haijaguswa? Hapo wataalamu wanaolinganisha lugha za Kibantu waligundua kwamba kwenye lugha mama, yaani ile ya kale iliyozizaa lugha zote za Kibantu, hizo zilikuwa i mbili, moja ya kawaida na nyingine iliyobanwa zaidi mdomoni, ile iliyobanwa ndo iliyokuwa inavuruga konsonanti iliyokaa mbele yake. Kiswahili baadaye kikaziunganisha zikawa sauti moja, lakini majeraha yamebaki. Na ukipanda daladala ukafika kituoni ukapiga kelele "konda, shusha!" umeitumia ileile, kushuka imekuwa kushusha, kuwaka kuwasha, kuanguka kuangusha, i yenyewe imemezwa, kilichobaki ni sh.

Sasa lugha zingine. Mama, sio sisi tu, na wapo waliotupita kwa mbali.

Kijapani kwa mfano hakina undugu wowote na sisi ila kula ni taberu, kulisha ni tabesaseru, kuliwa ni taberareru, na kulishwa ni tabesaserareru. Angalia huo mpangilio, kwanza kusababisha halafu kutendwa, sawasawa na l-ish-w-a yetu. Hatujakopeshana. Ni kwamba mawazo yenyewe yana mpangilio huo, huwezi kulishwa kabla hajatokea wa kukulisha, na lugha zinazobandika mwishoni mara nyingi zinaufuata.

Waturuki ndo mabingwa. Nyumba ni ev, nyumba nyingi ni evler, nyumba zetu evlerimiz, kutoka kwenye nyumba zetu evlerimizden, wanatunga kama mishikaki na neno linabaki moja. Wao pia irabu ya kiambishi inafuata ya neno, nyumba ni evler lakini farasi wengi ni atlar, ni mchezo uleule wa pikia na somea. Ila kinachonifurahisha kuliko vyote ni hiki: mtu akija wewe ukiwepo unamwona unasema geldi, akija wewe ukasimuliwa tu au ukakuta viatu mlangoni unasema gelmiş. Kiambishi kinakulazimisha useme habari umeipataje. Sisi tuna "eti", tena ni hiari, mtu anaweza kuiruka akaleta umbea kama vile alikuwa mezani nao. Naifikiria hiyo -miş kila nikisoma magrupu ya WhatsApp.

Wafini wana viambishi vya mahali mpaka unachoka. Talo ni nyumba, talossa ndani ya nyumba, talosta kutoka ndani, taloon kuingia ndani, na kuna zingine za pale nje kwenye nyumba, jumla hali za nomino wanazo 15. Sisi tuna -ni moja inafanya kazi ya zote: nipo nyumbani, natoka nyumbani, naenda nyumbani, mwelekeo unabebwa na kitenzi. Ila tusijidharau, -ni ina ujanja wake ambao Wafini hawana, inabadilisha mpaka upatanisho. Nyumba yangu, lakini nyumbani kwangu, au nyumbani pangu, au nyumbani mwangu, na kila moja inasema kitu tofauti kuhusu mahali penyewe. Ndugu zetu Wazulu nao wanayo, nyumba ni indlu, ndani ya nyumba ni endlini, na mji wa Durban wenyewe wanauita eThekwini, mkia uleule wa Mikocheni na Mtoni.

Ukubwa na udogo sisi tunauweka mbele, kitoto, jitu. Wataliano wanauweka nyuma na wanaongeza na dharau: libro kitabu, libretto kijitabu, librone dude la kitabu, libraccio kitabu cha hovyo. Wajerumani wakiweka -chen ya udogo jinsi ya neno inabadilika hapohapo, msichana ni das Mädchen, kisarufi hayuko kwenye kundi la kike, watu wanaojifunza Kijerumani wanashangaa sana lakini Mswahili hana sababu ya kushangaa, sisi mtoto akiwa kitoto tunasema kimelia. Waindonesia makan ni kula na makanan ni chakula. Waarabu -i yao imejaa humuhumu Pwani, Shirazi wa Shiraz, Hadhrami wa Hadhramaut. Na zipo lugha kama Kivietinamu ambazo mikia karibu hazina, zinatumia maneno mazima yaliyopangwa, na hawapungukiwi na kitu.

Mikia inatoka wapi lakini? Mara nyingi yalikuwa maneno kamili yaliyochoka. Wahispania wakitaka kusema "polepole" wanasema lentamente, Wafaransa lentement, huo mkia kwenye Kilatini ulikuwa neno kabisa, mente, lenye maana ya "kwa akili" au "kwa moyo" fulani. Na Kihispania bado kina kumbukumbu, ukiwa na mbili mfululizo unasema clara y lentamente, mkia mmoja unawatosha wote wawili, kitu ambacho mkia wa kawaida hauwezi. Kwetu hilo limetokea zaidi upande wa mbele, ile -ta- ya "nitakuja" imetokana na kutaka. Kwa hiyo viambishi vinazaliwa, vinafanya kazi, na vinakufa.

Vinakufaje? Havipotei, vinaacha kuzalisha tu. Kuna -at- ya kushika kwa nguvu, iko kwenye kamata, ambata, fumbata, lakini jaribu kutunga neno jipya nayo uone. Hata hii -ua ya kutangua, funga na fungua, kunja na kunjua, ziba na zibua, inaonekana hai lakini imelegea. Nina ushahidi wa simu: mtu akikufungia kwenye WhatsApp unasema kaniblok, nimeblokiwa, tumeblokiana, viambishi vyetu vinapanda juu ya neno la Kiingereza bila shida yoyote. Akikufungulia je? Hakuna anayesema "kaniblokua". Wanasema kanianblok, yaani kwa kutangua tumekwenda kuazima mpaka kiambishi cha Kiingereza cha mbele, wakati cha kwetu kipo kabatini. Hicho ndo kipimo changu, kiambishi hai ni kile kinachopanda kwenye neno lililoingia jana.

Kwa kipimo hicho, mama, -ga ya mwanao iko hai kuliko nusu ya viambishi vilivyoko kwenye kitabu chake cha sarufi. Anaendaga, zinauzwaga, anarudigi, wanapostigi.

Na kanuni yake hii hapa. Kiambishi chenyewe sio -ga, ni -ag-, na kinakaa kabla ya ile irabu ya kufunga, palepale wanapokaa ish na w na an. Ushahidi ni huu: anapenda ikiongezewa inakuwa anapendaga. Sipendi inakuwa sipendagi. Usifanye inakuwa usifanyage. Sikupenda, ambayo inaishia na a, inakuwa sikupendaga na sio "sikupendagi". Ile irabu ya mwisho inabaki na kazi yake, i ya kukanusha, e ya kuamuru au kuomba, na -ag- inapenya katikati. Kwa vitenzi vyenye asili ya Kiarabu ambavyo havina hiyo a ya kufunga, g inachukua irabu iliyoikuta, rudi, anarudigi, wahi, sijawahigi. Na ukiwa na kiambishi kingine inakaa nyuma yake, anapigwaga, hakuna mtu Dar nzima atakayesema "anapigagwa" hata umlipe. Hakuna aliyewafundisha hayo darasani, na bado kila mtu anapatia, kuanzia Gongo la Mboto mpaka Bunju. Kitu kisicho na kanuni hakiwi hivo.

Tena sio uvumbuzi wa vijana. Wasukuma wanayo, Wanyarwanda wanayo, Wakikuyu wanayo, Waganda wana ya karibu yake yenye n ndani, -nga, na ukienda Nairobi utasikia kwenye Kiswahili chao nako watu wanasema "anakulanga". Wanaolinganisha lugha za Kibantu wanairudisha hadi kwenye lugha mama yenyewe, pamoja na hiyo -ia na hiyo -an- ambazo mwalimu hakuzigusa. Kwa umri -ag- na -an- ni rika.

Basi kwa nini moja iko kwenye kitabu na nyingine haiko? Jibu liko Mombasa mwaka 1928. Mkutano wa pale ndo uliochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya Afrika Mashariki kusimamia vitabu na kamusi, kamati ambayo kizazi chake ndo hii TATAKI, taasisi ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pale Mlimani, zamani ikiitwa TUKI. Na Kiunguja, kama lahaja za Pwani kwa ujumla, mazoea kinayasema kwa hu-: hula, huenda, husema. Hakikuwa na -ag-. Wakati kanuni zinaandikwa haikuwepo mezani, ndo hivo tu. Wangechukua Kiswahili cha Tabora leo hali ingekuwa tofauti, labda hu- ndo ingekuwa inazungushiwa wino.

Halafu watu wa bara wakaja na Kiswahili chao, watoto wa lugha zenye -ag-, wakaona Kiswahili kina nafasi palepale kabla ya irabu ya mwisho, wakaiweka. Dar ilivyojaa watu kutoka kila mkoa sasa hivi hata Mzaramo aliyezaliwa Magomeni anaitumia, na imeshapata kazi ambazo huko ilikotoka sina hakika kama ilikuwa nazo zote. "Ushawahigi kufika Mafia?" hapo hakuna mazoea yoyote, ni "katika maisha yako hata mara moja". "Nilikuonaga" ni zamani kidogo, siku fulani isiyo na tarehe. Sanifu haina njia fupi ya kusema hilo la pili, inabidi uzunguke.

Wapo wenzangu watakaonibishia hapa waseme nahalalisha uharibifu wa lugha. Nilishasikia, na jibu langu ni lilelile, kusema kitu kina kanuni sio kusema kiandikwe kwenye mtihani. Insha ya shule ni ya Kiswahili sanifu, na sanifu ni makubaliano ya watu wengi kutoka Lamu mpaka Kigoma ili tuandikiane tuelewane, mtoto lazima ayajue hayo makubaliano, na kwa hilo mimi niko upande wa mwalimu kabisa. Ningekuwa mimi ningeikata hiyo alama, ila pembeni ningeandika "sio sanifu, tumia hu-". Kwanza pale kuna jambo lingine mwalimu hakuligusa, "huwa tunakulaga" imesema mazoea mara mbili, huwa imeshasema na -ag- imerudia.

Kwa hiyo kwenye daftari la masahihisho aandike "Idi huwa tunakula pilau halafu tunalishana tende", au kama anataka kumfurahisha mwalimu, "Idi sisi hula pilau kisha tukalishana tende", zote zinapita. Asiandike "huwa tunahula", nimeshakuta watoto wakichanganya hivo baada ya kuogopeshwa, hu- haivai kiambishi cha nafsi, ni hula tu kwa wote, mimi hula, sisi hula, wao hula. Nyumbani mwache aseme tunakulaga kama mlivyozoea. Na siku ya kikao cha wazazi ukipata nafasi, mwandikie mwalimu kwenye karatasi sipendagi, usifanyage na sikupendaga, halafu umwombe akusaidie kukueleza kwa nini kila moja imeishia na irabu yake.